Mapango ya Unguja na Khabari Zake

 

Kutembea katika ardhi na kutazama athari za waliotangulia ni jambo lililohimizwa, wala mtu asidhani kuwa ni kupoteza siku. Lakini mwenye kutembea hupokea vitu viwili pamoja, naye mara nyingi havitofautishi. Kimoja ni kile anachokiona kwa macho yake, na cha pili ni kile anachoambiwa na mwongozi wake. Jiwe liko pale, kila mtu aweza kulishika. Ama khabari ya jiwe yaweza kuwa ya kweli, au ya kweli iliyotiwa chumvi, au ya kutungwa jana. Wanavyuoni wa Hadithi walimaliza umri wao wakimwuliza kila msimulizi: umeipata kwa nani? Suala hilo hilo lafaa kuulizwa mlangoni mwa pango.

Mfano wa karibu kwa kila Muislamu ni al-Hijr, iliyo kaskazini ya Madina katika njia ya Tabuk, ambayo watu huiita Madain Salih. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita hapo mwaka wa 9 wa Hijra pamoja na jeshi lake, naye akawakataza masahaba wasiingie makao ya walioadhibiwa kwa mchezo, wala wasitumie maji ya visima vyake. Thamud walitajwa kuwa walichonga majumba katika majabali. Lakini ile milango mirefu iliyonakshiwa ambayo msafiri wa leo huiona hapo, nayo ni zaidi ya 90, ni makaburi ya Wanabati waliokuja baadaye, na maandishi yaliyochorwa juu ya mengi katika hayo yataja wenyewe na miaka yao, katika karne ya kwanza ya Masihi. Basi mwenye kulionyesha kila tundu la bonde lile akasema, "Hii ni nyumba ya Thamud," amesema asilolijua, ijapokuwa asili ya kisa ni haki.

Hapa Unguja hapana majumba yaliyochongwa mlimani kama yale. Lakini kuna mapango ambayo watu walikaa, mengine yaliyofichwa watu ndani yake, na vijana wengi wa Kendwa na Nungwi katika miaka hii wamepata riziki yao kwa kuwaongoza wageni. Njia inayoelezwa humu ni ya siku moja, kutoka Kendwa mpaka ncha ya kusini, na mwenye kutoka mapema huimaliza kabla ya usiku.

Msafara hutoka baada ya sala ya Alfajiri. Wageni huijua Kendwa kwa mchanga wake mweupe, na wengi hawatazami zaidi ya hapo. Maji yakitoka, mtu akitembea kwa miguu upande wa Nungwi, hukuta majabali meusi yaliyoliwa na bahari kwa chini, yakabaki na vichwa vipana juu mfano wa uyoga, na mgongo wake umechongoka hata haukanyagiki bila ya viatu. Akiinama akalitazama jiwe lenyewe, ataona ndani yake maumbo ya matumbawe na makome yaliyogeuka mawe pale pale yalipokuwa. Huko mbele, Mnarani, pana ziwa la asili ndani ya jiwe hilo, maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, na tangu mwaka 1993 watu wa Nungwi wamewatunza kasa humo.

Basi jiwe la Unguja lilikuwa fungu la bahari, lililojengwa na viumbe vidogo katika zama ambazo bahari ilisimama juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka, fungu likabaki kavu, na mvua ikalinyea kwa maelfu ya miaka. Maji ya mvua yapitapo katika hewa na katika udongo wenye majani yaliyooza huchukua ukali mdogo, kama wa ndimu iliyotiwa maji mengi, na ukali huo hula chokaa. Palipokuwa na ufa huwa tundu, na tundu huwa chumba. Chumba kikizidi kupanuka dari huanguka, na hapo ndipo mlango wa pango hufunguka. Tone lidondokalo ndani huacha punje ya chokaa iliyoyeyuka, na punje zikizidi huwa nguzo. Ndiyo sababu upande wa mashariki na kusini, ambako maweni yametawala na udongo ni haba, ndiko kwenye mapango mengi, hali ya kuwa upande wa magharibi wenye udongo mzito uliota minazi na mikarafuu.

Kituo cha kwanza baada ya hapo ni Fukuchani, kando ya bahari, kukabili kisiwa cha Tumbatu. Kuna nyumba ya mawe iliyobomoka, imezungukwa na ukuta wenye matundu membamba ya kutolea bunduki. Watu wameizoea kwa jina la Nyumba ya Wareno. Wachunguzi wa majengo wameiweka katika karne ya 16 ya Masihi, yaani zama za Wareno ni kweli. Lakini ujenzi wake ni ujenzi wa Waswahili, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zijengwavyo nyumba za pwani hii. Na chini ya udongo unaoizunguka palipatikana vigae vya mji mkongwe zaidi, wa karne ya 6 hata ya 8, wakati ambapo Mreno hajaijua njia ya bahari hii. Tazama jinsi jina moja linavyomnyang'anya mwenyeji nyumba yake! Mtu hupita hapo na watoto wake, akawaambia, "Hii ni kazi ya Wareno," nao wakakua wakidhani ya kuwa babu zao hawakujua kuweka jiwe juu ya jiwe.

Tumbatu yenyewe ina ushahidi wa namna nyingine. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 626 wa Hijra (1229), aliitaja Tumbatu katika kitabu chake cha majina ya nchi, akasema ya kuwa watu wake ni Waislamu. Hiyo ni khabari yenye msimulizi anayejulikana na kitabu kinachosomeka, nayo haifanani na ile isemwayo na kila mtu wala hapana ajuaye aliyeianza.

Karibu na Fukuchani ni Mvuleni, pia nyumba ya mawe ya zama zizo hizo, nayo pia husingiziwa Wareno. Huko, nyuma ya magofu, kuna pango lenye maji. Mwenye kuteremka hufahamu mara moja kwa nini tajiri yule alijenga pale wala hakujenga pengine. Katika nchi ya maweni mvua haisimami juu ya ardhi; hupenya ikakaa chini, na penye pango ndipo mtu ayafikiapo maji bila ya kupasua jabali. Ukuta na ghala na mifugo vyote vimefuata tundu lile.

Kutoka hapo njia huelekea kusini mpaka Mangapwani, na hapa mwongozi yapasa awe na tahadhari kuliko mahali popote, kwani kuna mapango mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni pango la asili, pana, lenye maji matamu chini yake. Kwa ilivyopokewa na wenyeji, liligunduliwa na kijana mtumwa aliyepotelewa na mbuzi, akamsikia akilia chini ya ardhi. La pili liko mbali kidogo na la kwanza, karibu na bahari, nalo si pango la asili hata kidogo. Ni shimo lililochongwa kwa mikono ya watu ndani ya jabali, lenye vyumba viwili vya giza na paa zito, na ngazi ya kuteremkia. Hilo ndilo lililowekwa watumwa.

Khabari yake ni hii. Siku ya tarehe 5 Juni mwaka 1873 (1290 wa Hijra), Sayyid Barghash bin Said alitia saini mapatano na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kuwachukua watu kwa bahari kukawa ni marufuku. Lakini mali iliyozoewa haiachwi kwa karatasi. Waliokuwa wakiifanya biashara hiyo mchana wakaendelea nayo usiku, na palihitajika mahali pa kuwaficha watu wakingojea jahazi. Shimo la Mangapwani ndilo mojawapo, na husimuliwa kuwa lilikuwa la mfanya biashara Muhammad bin Nassor. Hali ya utumwa yenyewe katika sheria ya Unguja haikuondolewa ila mwaka 1897, katika zama za Sayyid Hamoud bin Muhammad.

Kuna waongozi wanaowaingiza wageni katika pango la maji, wakalisimulia kama kwamba ndilo shimo la watumwa, kwa kuwa lina kivuli na ni zuri kwa picha. Na kuna wengine, hasa wakiongoza watu wa nyumbani, wanaopita kwenye shimo lile mbio mbio wakisema kwamba hapakuwa na jambo, ni ghala tu. Wote wawili wamedhulumu. Wa kwanza amewaongezea wageni kwa kutaka bakhshishi, na wa pili amepunguza kwa kuona haya. Ama haya hiyo inafahamika, kwani majina ya wenye mali ni majina ya nyumba zinazojulikana hata leo, na pengine mwenye kusikiliza ni mjukuu wa mmoja wao, au mjukuu wa aliyefungwa humo, au ni mjukuu wa wote wawili. Lakini waliowekwa katika giza lile walikuwa na haki, na haki yao ndogo kabisa iliyobaki ni kutajwa mahali pao penyewe.

Mtu akiuliza: Je, kisa cha mbuzi ni cha kweli? Ataambiwa: ni cha kupokewa, nacho kisemwe kwa neno hilo, "kwa ilivyopokewa," wala kisitiwe tarehe wala jina ambalo wazee hawakulitaja. Kisa hakina dhara kikisimuliwa kwa sifa yake.

Mjini msafara haukai ila kwa sala ya Adhuhuri na chakula, ingawa nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa kwa jiwe lile lile la Kendwa na kwa chokaa iliyochomwa katika matanuu. Kisha gari huchukua njia ya kusini mashariki mpaka Jambiani.

Bara ya kijiji cha Jambiani, ndani ya kichaka cha maweni, liko pango la Kuumbi, nalo ndilo kubwa katika khabari za siku hii. Dari yake imeanguka mahali mahali, na nuru hushuka kutoka juu ikaonyesha nguzo za chokaa na sakafu ya udongo. Mwongozi wa hapo awe mtu wa Jambiani. Hilo ni la adabu, na pia ni la manufaa, kwani yeye ajua pa kukanyaga.

Katika mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichimba humo, na mwaka 2012 kundi jingine la wachunguzi wakachimba tena. Katika tabaka za chini walikuta zana za mawe, majivu, na mifupa ya wanyama walioliwa, na katika mifupa hiyo ni ya punda milia na nyati na kuro. Sasa msomaji na asimame kidogo. Punda milia hawako Unguja, wala nyati hawako. Waliobaki katika misitu ya kisiwa ni paa na paa nunga na nguruwe na kima. Je, nani alimvusha punda milia bahari?

Jawabu ni kwamba bahari haikuwapo. Yapata miaka 20,000 iliyopita baridi iliishika dunia, maji mengi yakaganda barafu kaskazini na kusini, na bahari ikashuka kiasi cha mita 120 chini ya ilivyo leo. Mkondo ulio baina ya Unguja na Bagamoyo hauna kina kikubwa. Sehemu nyingi haufiki mita 50. Kwa hiyo Unguja ilikuwa kilima tu cha bara, na mtu na mnyama walikwenda na kurudi kwa miguu. (Pemba haikuwa hivyo, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita, nayo ilibaki kisiwa.) Watu waliowasha moto katika Kuumbi zama hizo hawakuwa mabaharia. Walikuwa wawindaji, na katika vyombo vyao vimeonekana vichwa vyembamba vya mifupa vilivyosuguliwa, vya yapata miaka 13,000, ambavyo wachunguzi wamevidhania kuwa ni vya mishale, na pengine ya sumu. Baada ya hapo barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, njia ikakatika. Nyati na punda milia wakatoweka, na pango likahamwa na watu kwa maelfu ya miaka, mpaka walipolirudia watu wa zama za chuma, kiasi cha miaka 1,400 iliyopita, yaani karibu na zama za Hijra yenyewe.

Akiuliza mtu: miaka hii hujulikanaje, na hapakuwa na mwandishi? Hujibiwa: katika mkaa wa kuni na katika mfupa mna kitu kinachopungua kwa kipimo kisichobadilika tangu siku mti ulipokatwa au mnyama alipokufa, kikabaki nusu yake katika kila miaka 5,730 kwa makadirio. Mwenye ala za kupimia hupima kilichobaki, akahesabu. Lakini hesabu hiyo haifai kitu ikiwa mkaa umetolewa mahali pake. Udongo wa pango umelala tabaka juu ya tabaka, wa kale chini na wa karibuni juu, na mwenye kuingia na jembe kutafuta mali iliyozikwa, au kuchota udongo wa kurutubisha shamba, huvuruga kwa asubuhi moja yaliyotulia tangu nyati alipokuwa akinywa maji Jambiani. Wala hakuna awezaye kuyapanga tena.

Na hapa Kuumbi pana ikhtilafu ambayo mwongozi haimpasi kuificha. Profesa Chami alisema kwamba katika mifupa aliyoipata mlikuwa na ya wanyama wa kufugwa, hata ya kuku, ya zamani kwa maelfu ya miaka. Ingalithubutu, ingekuwa jambo kubwa, kwani kuku asili yake ni Asia, na maana yake ni kwamba biashara ya bahari ya pwani hii ni ya kale kuliko ilivyodhaniwa. Waliochimba mwaka 2012 waliitafuta khabari hiyo katika udongo wao, wakaitazama mifupa upya, wakasema katika maandiko yao ya mwaka 2016 na baada yake kwamba hawakuona dalili ya mifugo katika tabaka hizo za kale.

Mtu akisema: kama wataalamu wenyewe wamekhitalifiana, kijana wa Kendwa ataseme nini mbele ya wageni? Ataambiwa: aseme hayo hayo, kuwa huyu alisema hivi na wale wakasema vile, na sababu yao ni hii. Wageni hawatamdharau, wenye akili katika wao watamsadiki zaidi katika mengine yote. Kinachofaa kuchukiwa ni kuchagua neno litakalowapendeza wasikilizaji wa siku ile, leo kuku wa miaka elfu kadhaa, kesho mfalme aliyezikwa na dhahabu.

Wako pia wanaoliendea pango kwa haja nyingine, wakafukiza ubani na kuacha sadaka humo wakidhani lina wenyewe wasioonekana. Hilo ni jambo la kuzungumzwa na watu wa Jambiani na mashekhe wao kwa upole, wala si la kutolewa mzaha mbele ya wageni. Yatosha kusema kwamba dua haielekezwi kwa jiwe. Na waliokaa humo zamani, kwa ushahidi wa mifupa yao ya kula, walikuwa wanadamu wenye njaa na watoto.

Alasiri ikiingia, msafara hushuka Kizimkazi, Dimbani. Kwa nje msikiti wake ni mdogo, wenye paa la mabati, na mwenye haraka huupita asijue. Ndani, katika ukuta wa kibla, mna maandishi ya Kufi yaliyochongwa juu ya matumbawe, na tarehe yake ni Dhul-Qaada mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Masihi. Msikiti ulijengwa upya baadaye, na ubavuni mwa mihrabu mna maandishi mengine ya mwaka 1184 (1770), kwa hiyo kuta zote zinazoonekana si za mwaka 500, na hilo nalo lisemwe. Mafundi wa nakshi ile hawakutumia jiwe kavu la maweni. Walikwenda baharini wakakata tumbawe likingali bichi, kwani likiwa na maji hukubali kisu, na likikauka hushupaa likahifadhi kila mkwaruzo wa herufi.

Kwa hiyo jiwe la mwisho la siku ni ndugu wa jiwe la kwanza, ila hili limeandikwa. Msimamizi wa msikiti hufungua mlango, mwongozi hunyamaza, na kila ajuaye kusoma husogea akatafuta mwaka mwenyewe, ingawa Kufi ile ni ngumu na wengi huhitaji kuonyeshwa ianziapo. Husali Alasiri hapo. Gari likifika Kendwa huwa ni baina ya Magharibi na Isha, na viatu vya wote vimejaa vumbi jeupe la chokaa.